Vidole vinalijua nenosiri, mwenyewe silijui

Swali: "Habari za kazi. Kwa miaka sita nimekuwa nikifungua kompyuta yangu ya kazini kwa nenosiri lenye herufi, tarakimu na alama 17. Nililitunga mwenyewe, lakini siku hizi siwezi kulitaja. Nikikaa mbele ya kibodi vidole vinakwenda vyenyewe na kompyuta inafunguka. Nimerudi kutoka likizo ya mwezi mmoja, nikataka kuingia kwenye akaunti hiyohiyo kwa simu, nikakwama kabisa. Nilipojaribu kulikumbuka herufi moja moja, hata kwenye kompyuta nikaanza kukosea, nikaingia kwa bahati kabla akaunti haijafungwa. Mwenzangu anasema hilo ndilo nenosiri bora kuliko yote, maana hakuna anayeweza kunilazimisha kutaja nisichokijua. Ananishauri nifanye hivyohivyo kwa diski ya nje ninayohifadhia nyaraka za familia: nichore umbo fulani juu ya vitufe, mkono uzoee, basi. Nina hofu mbili. Je, ni salama kuutegemea mkono? Na kusahau huku si dalili ya ugonjwa wa kumbukumbu?"

Jibu:

Nianze na hofu ya pili, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Ulichokieleza hakifanani na ugonjwa. Humpata mtu mzima wa afya ambaye amerudia tendo lilelile mara maelfu. Nenosiri lako halijafutika kichwani. Ni kwamba lile unaloweza kulisimulia limefifia kwa kukosa kazi, likabaki lile linalojitokeza kwa kutenda tu. Hofu ya kwanza ndiyo inayohitaji maelezo marefu, na hapo mwenzako amechanganya mambo mawili yasiyohusiana: namna wewe unavyolikumbuka nenosiri, na namna mtu mwingine anavyoweza kulibahatisha.

Watu husema kumbukumbu ya misuli, lakini nyama ya kidole haihifadhi chochote. Kazi hiyo iko kwenye ubongo, katika maeneo yanayoratibu mwendo, yakiwemo serebelamu iliyo nyuma ya kichwa na viini vilivyo ndani kabisa. Kumbukumbu za matukio na habari hupitia sehemu nyingine, hipokampasi. Kwamba njia hizi mbili zinaweza kutengana ilidhihirika kwa Henry Molaison, Mmarekani ambaye mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza kushika jambo jipya kwa zaidi ya muda mfupi. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kupitia kioo tu. Ni zoezi la kuudhi, maana mkono hukimbilia upande usioutaka. Molaison alikosea sana mwanzoni, akaboreka siku baada ya siku, na bado kila alipoletewa karatasi aliiona kazi hiyo kuwa ngeni kwake. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenye mkono hana habari.

Wewe hipokampasi yako ni nzima, lakini umeipumzisha. Nenosiri jipya hupita kwanza kwenye maneno: unalitamka kimoyomoyo huku ukitafuta vitufe. Baada ya wiki kadhaa vidole huanza kulikata vipande vya vitufe vitatu au vinne, kila kipande kikivuta kinachofuata, na kule kutamka hukoma kwa sababu hakuhitajiki tena. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, waliwapa watu wenye kuchapa wastani wa maneno 72 kwa dakika picha ya kibodi isiyo na herufi, wakawaambia waijaze. Kwa wastani waliweka mahali pake herufi 15 kati ya 26. Hawa ni watu ambao vidole vyao huzifikia zote bila kuzitafuta. Kwa hiyo usishangae kwamba hujui kama herufi ya tisa ya nenosiri lako ni kubwa au ndogo. Hukuwahi kuihifadhi kama "herufi ya tisa". Umeihifadhi kama kidole kidogo cha kushoto kinachobana Shift wakati mkono wa kulia unapanda juu.

Hapo ndipo lilipo jibu la kukosea kwako ulipoanza kufikiri. Mwendo uliozoeleka huendeshwa kwa vipande. Ukiingilia kati na kukagua kitufe kimoja kimoja, unakata mnyororo, na kipande kinachofuata hakipati cha kukivuta. Wacheza mpira wanaopiga penalti na wapiga piano jukwaani wanalijua vizuri jambo hili. Kadiri ulivyozidi kuhofia kufungiwa akaunti ndivyo ulivyozidi kuvikagua vidole, na ndivyo vilivyozidi kuteleza.

Na simu? Kwenye simu unatumia dole gumba, pengine magumba mawili. Hakuna kitufe kinachozama, alama ziko kwenye ukurasa mwingine wa kibodi, na herufi kubwa hupatikana kwa kugusa badala ya kubana. Mwendo ule wa miaka sita hauna pa kukanyaga. Shida hiyohiyo ungeipata kwenye kibodi ya Kifaransa, ambako A na Q zimebadilishana nafasi na tarakimu za safu ya juu hudai Shift, au ya Kijerumani, ambako Y na Z zimehamishana. Hata namba ya siri ya tarakimu nne inaweza kukutupa: kwenye simu 1, 2, 3 ziko juu, kwenye pembe ya tarakimu ya kibodi ya kompyuta ziko chini. Aliyeizoea kama umbo hubonyeza umbo lilelile na kupata namba nyingine.

Kwa hiyo jambo la kwanza kufanya, kabla ya kuamua lolote, ni kulirudisha nenosiri hilo kwenye karatasi. Usilitafute kwenye kisanduku cha kuingilia, kwa sababu kila kosa pale linahesabiwa. Hakikisha kwanza kibodi haijabadilika: taa ya Caps Lock imezimika, Num Lock haijageuza herufi kuwa tarakimu kwenye kompyuta ndogo, na lugha ya kibodi ni ile ya siku zote. Watu wengi wanaoamini vidole vimewasaliti walibonyeza tu vitufe viwili kwa pamoja bila kujua, lugha ikahama. Kisha kata intaneti, fungua programu nyepesi ya maandishi isiyohifadhi mtandaoni, kaa kwenye kiti na mbele ya kibodi ileile. Tazama ukutani. Fikiria unachokwenda kufanya baada ya kuingia, si nenosiri, halafu chapa kwa kasi yako ya kawaida na umalize kwa Enter kama siku zote. Pumzika, zungumza na mtu, rudia.

Baada ya mistari michache utaona wazi kinachoendelea. Mingi itafanana, na mmoja au miwili itakuwa imeteleza, mara nyingi mahali panapohitaji Shift au mkono unapopokezana na mwingine. Nakili ule unaojirudia kwenye karatasi kwa mkono, ukitofautisha waziwazi sufuri na herufi O, tarakimu 1 na herufi l ndogo. Futa maandishi yote kwenye kompyuta kabla ya kufunga programu, kwa kuwa programu nyingine hukuhifadhia hata usichoomba kuhifadhiwa. Sasa nenda kwenye kisanduku halisi na uchape polepole kutoka kwenye karatasi, mara moja. Likikubali, umelipata tena kama neno.

Sasa turudi kwa mwenzako na hoja yake ya kulazimishwa. Wazo lake si la kijinga. Kuna wanasayansi waliolifanyia kazi kwa dhati. Mwaka 2012 Hristo Bojinov na wenzake kutoka Stanford, Northwestern na taasisi ya SRI walitengeneza mchezo wa kompyuta ambamo duara hushuka kwenye safu sita na mchezaji hubonyeza S, D, F, J, K au L kwa wakati wake. Ndani ya mchezo walificha mfuatano wa vitufe 30 uliojirudia. Baada ya mazoezi ya chini ya saa moja, wachezaji waliupiga mfuatano huo vizuri kuliko mifuatano mingine, ilhali walipoonyeshwa hawakuweza kuutambua kwa uhakika. Mfumo unamtambua mtu kwa tofauti hiyo ya ustadi: anacheza, na mfuatano wake unajionyesha kwa kupigwa vizuri zaidi kuliko ya kigeni. Hilo ndilo nenosiri usilolijua kwa maana halisi.

La kwako si la aina hiyo. Tofauti ni kubwa na inafaa uione. Katika mchezo ule hakuna mtu, hata mchezaji, anayeutoa mfuatano mzima kutoka kichwani mwake. Mashine ndiyo inayouliza, mtu anajibu kwa ustadi. Wewe unautoa wote, herufi kwa herufi, kila asubuhi. Anayetaka kukulazimisha hahitaji ulitaje. Atakukalisha mbele ya kibodi na kukuambia fungua. Programu ya kijasusi inayorekodi vitufe italipata lote bila kukugusa, na mtu aliyesimama nyuma yako na kamera ya simu vilevile. Hata watafiti wale walikubali kwamba mfumo wao unadai mtu awe mahali fulani chini ya uangalizi, na kuingia kunachukua dakika kadhaa za kucheza. Kwa lango la mtambo wa hatari naelewa. Kwa barua pepe ya asubuhi, hapana.

Kuna jambo la ukweli katika sifa za mwenzako, nisimnyime. Nenosiri lililo vidoleni hukuwezesha kubeba kitu kirefu na cha ovyo ambacho kichwa kingekikataa. Haliandikwi kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya kibodi. Huwezi kulitamka kwa simu kwa tapeli anayejifanya fundi, hata ukitaka, na hiyo ni kinga ambayo siidharau, maana manenosiri mengi huibwa kwa mazungumzo tu. Basi tatizo langu haliko kwenye mkono. Liko kwenye ushauri wake wa pili, ule wa umbo.

Kuchora umbo juu ya vitufe ni wazo ambalo limewajia watu wengi sana kabla yako. Ndiyo maana 1qaz2wsx, ambayo kwa macho ni fujo tupu, imo kwenye orodha za kila mdukuzi: ni safu mbili za wima kutoka kushoto. Zipo programu ambazo kazi yake ni kutembea juu ya kibodi na kuandika kila njia inayowezekana. Tufanye hesabu ya upendeleo. Tuseme unaanza kwenye kitufe chochote kati ya 47, na kila hatua unachagua kwa bahati kabisa mmoja wa majirani sita, mpaka umefika vitufe 12. Njia zote zinafika takriban bilioni 17. Inasikika nyingi, lakini kadi ya michoro ya kisasa inaweza kujaribu idadi hiyo kwa sekunde chache ikiwa nenosiri limehifadhiwa kwa njia dhaifu. Na hapo nimekudhania kwamba unachagua kwa bahati, wakati mkono wa binadamu hupenda mstari ulionyooka, kona, na kurudi ulikotoka. Vitufe hivyohivyo 12 vikichaguliwa kwa bahati kutoka alama zote 94 za kibodi hutoa idadi yenye tarakimu 24. Mkono hautaona tofauti kubwa kati ya mawili hayo baada ya mwezi. Mdukuzi ataiona.

Mchoro wa kufungulia simu kwenye nukta tisa una udhaifu wa ukoo huo. Michoro inayokubalika ni 389,112, lakini watu wengi huanzia pembe ya juu kushoto, na baadhi huchora umbo la herufi. Tena kidole kinaacha mafuta kwenye kioo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha mwaka 2010 kwamba picha iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni inaweza kuufichua mchoro.

Labda utauliza, kwa nini kompyuta isitambue mwendo wenyewe badala ya herufi? Inawezekana, na ni wazo kongwe. Waendesha telegrafu walitambuana kwa namna ya kugonga kabla kompyuta hazijazaliwa, na mwaka 1980 taasisi ya RAND ilitoa ripoti ya R. Stockton Gaines na wenzake kuhusu kumtambua mchapaji kwa muda unaopita kati ya kitufe na kitufe. Leo baadhi ya benki hupima kimyakimya muda unaobana kila kitufe na muda unaohama kwenda kingine. Kama kinga ya ziada naikubali. Kama mlango pekee, siitaki: ukijikata kidole, ukichoka, ukibadili kibodi, mashine inakukana. Na takwimu za mwendo wako zikiibwa, utaubadilije mwendo wako?

Kwa hiyo, kwa diski yako ya familia, ningefanya hivi. Nenosiri litoke kwenye bahati, lisitoke mkononi wala kichwani. Njia ninayoipenda ni ile aliyoitangaza Arnold Reinhold mwaka 1995: orodha ya maneno 7,776, kila neno likichaguliwa kwa kurusha kete tano. Maneno sita ya namna hiyo yana uwezekano wa zaidi ya 2 ikifuatiwa na sufuri 23. Uzuri wa maneno ni kwamba yanakaa kotekote. Vidole vitayazoea, na kichwa nacho kitaweza kuyatamka siku utakapokuwa na simu tu mkononi, au mkono ukiwa kwenye plasta. Kwa akaunti nyingine zote tumia programu ya kutunza manenosiri, iliyofungwa kwa nenosiri kuu la aina hiyohiyo, na pale unaporuhusiwa tumia ule ufunguo wa kidijitali unaokaa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole. Mkono ubaki na manenosiri mawili au matatu tu.

Halafu lipe mkono malezi mazuri. Siku za kwanza chapa polepole kuliko unavyotaka, kwa sababu vidole hujifunza makosa kwa bidii ileile vinavyojifunza usahihi. Mara chache kwa siku, kwa siku kadhaa, ni bora kuliko saa nzima ya kukaza jioni moja, na usingizi wa katikati husaidia mwendo kutulia. Chapa kwenye kompyuta, kisha kwenye simu. Mara moja kwa wiki litamke kimoyomoyo huku mikono iko mapajani, ili ile njia ya pili isiote majani tena. Nakala iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha na kuwekwa panapofungwa, mbali na diski yenyewe. Mtu mmoja wa familia unayemwamini ajue bahasha ilipo. Nyaraka ni za familia, na wewe hutakuwepo daima.

La kazini usilibadilishe kwa hofu tu. Miongozo ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ya mwaka 2017 ilishauri kwamba watu wasilazimishwe kubadili nenosiri kila baada ya muda fulani, bali likishukiwa kuvuja. Ukilazimika, badili lote. Ukibadili tarakimu mbili za mwisho pekee, vidole vitakimbilia mwisho wa zamani kwa wiki nyingi, na utafungiwa akaunti kwa kosa ambalo mkono hauna habari nalo.

Yapo mazingira ambayo ushauri wa kuandikiana hautoshi. Ikiwa siku moja kuchapa kunakushinda ghafla, vidole vinagonga ovyo hata maneno ya kawaida, na hasa ikiwa mkono mmoja umelegea, uso umepinda upande au maneno hayatoki sawasawa, hiyo si habari ya nenosiri. Nenda hospitali saa hiyohiyo, maana kiharusi hutibika vizuri zaidi kikiwahiwa. Ikiwa umezidi kusahau pole kwa pole, na si nenosiri tu bali pia miadi, njia za kila siku na majina ya watu wa karibu, muone daktari akupime ana kwa ana.

Kwa akaunti ya kazini iliyofungwa, nenda mwenyewe kwa msimamizi wa kompyuta ukiwa na kitambulisho. Usikubali kurejeshewa na mtu aliyekupigia simu yeye. Kwa diski iliyosimbwa, yaani ambayo data zake hazisomeki bila nenosiri, na nenosiri hilo limekataa kabisa kurudi, usiifute wala usiifomati. Andika kila kipande ambacho vidole vilitoa, hata vile vyenye makosa, kwa mpangilio uliotokea, kisha mtafute fundi wa kurejesha data mwenye ofisi unayoweza kuingia. Anayekutaka ulipe kwanza na kumwachia kompyuta kwa mbali, achana naye. Fundi wa kweli atavifurahia vipande vyako, kwa sababu kutafuta herufi tatu zilizopotea kati ya, tuseme, 17 ni kazi ya kompyuta kwa muda mfupi, wakati kuzitafuta zote 17 haiwezekani. Nenda na kibodi yako ya zamani pia, ileile uliyoizoea.